Seli Zinazokataa Kugusana

Siku yangu ya kwanza kazini nilipasua damu ya watu sita. Wenyewe hawakuumia, walikuwa wodini wakinywa uji. Damu yao iliyokuwa kwenye mirija ya kioo ndiyo niliyoiharibu, na niliiharibu kwa chumvi. Naanza hapo kwa sababu nyinyi vijana wa maabara mnaokuja kunisalimu hapa nyumbani Nyamira mna tabia ya kudhani kwamba sisi tuliostaafu tulizaliwa tukijua kazi. Mimi sikujua kitu. Nilikuwa na cheti kipya, koti jeupe lililonibana kwapani, na kiburi cha kutosha kijiji kizima.

Ilikuwa hospitali moja ya mjini Kisii. Maabara ya damu ilikuwa chumba kimoja, dirisha lake likitazama ua wa kuanikia mashuka. Mkuu wa Maabara alikuwa mwanamume mfupi, mpole wa sauti, na kadiri alivyokasirika ndivyo alivyozidi kuongea polepole. Aliniambia nitengeneze maji ya chumvi. Hayo ndiyo maji ya kazi yetu: unachukua maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliokusanywa ukarudi kuwa maji, unatia chumvi safi iliyopimwa kwenye mizani, hadi yawe na chumvi sawa na ile iliyo mwilini. Humo ndimo tunamoosha seli za damu kabla ya kuzipima.

Mimi nikaona mizani ni kupotezeana wakati. Mwenzenu nilikuwa nimepika mboga tangu nikiwa na miaka saba, chumvi naijua. Nikachota kwa kijiko, nikakoroga, nikaonja kwa ncha ya kidole, nikaridhika. Baada ya dakika chache mirija yote sita ilikuwa imegeuka rangi ya sharubati. Chumvi ilikuwa kidogo mno, maji yakaziingia seli, zikavimba zikapasuka.

Mkuu wa Maabara aliinua mrija mmoja akautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Madam Bosibori, ulionja?"

"Ndiyo, sir."

"Kwa kidole?"

"Kwa kidole, sir."

"Na ilikolea?"

"Ilikolea vizuri, sir."

"Haya. Sasa nenda wodini, kwa mmoja mmoja wa hao sita, uwaambie unataka kuwadunga sindano tena kwa sababu ulikuwa unapika."

Nikaenda. Mama mmoja akaniuliza ile damu ya kwanza niliipeleka wapi, au niliinywa. Wodi nzima ikacheka. Tangu siku hiyo sijawahi kutia chumvi maabarani bila mizani, na hata nyumbani mume wangu alikuwa akinitania kwamba napima chumvi ya ugali, ugali ambao hautiwi chumvi.

Mchana huo huo, baada ya chakula, Mkuu aliniketisha akanifundisha jambo ambalo chuoni nilikuwa nimelikariri tu bila kulielewa. Alisema kila seli nyekundu ina chaji ya umeme kwenye ganda lake, chaji hasi. Vitu viwili vyenye chaji ya aina moja hufukuzana. Ndiyo maana damu inapita kwenye mishipa myembamba kuliko unywele na seli hazigandani. Ukizitia kwenye maji ya chumvi, ile chumvi imekwisha kugawanyika kuwa ioni, chembe ndogo sana, nyingine chanya na nyingine hasi. Zile chanya zinavutwa na seli, zinaizunguka kama wingu na kuificha chaji yake kwa kiasi. Chumvi ikiwa nyingi, wingu hilo linabana karibu na ganda, na seli zinaweza kusogeleana zaidi kabla ya kusukumana. Chumvi ikipungua, wingu linatanuka na seli zinaanza kusukumana zikiwa bado mbali.

"Kwa hiyo ukicheza na chumvi," akasema, "unacheza na umbali. Na kazi yetu yote hapa ni umbali."

Sikumwelewa siku hiyo. Niliitikia tu, maana nilikuwa nimechoka na nilikuwa na aibu.

Baada ya miaka miwili nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Manga, juu huko mlimani, ambako maabara ilikuwa meza, hadubini moja, na mimi. Huko nilipima sana kasi ya damu kuzama. Unasimamisha damu kwenye mrija mwembamba, unaiacha saa nzima, halafu unasoma seli zimeshuka kiasi gani. Kwa mtu mwenye afya zinashuka kidogo tu, kwa sababu kila moja inaelea peke yake, inamsukuma jirani. Mtu akiwa na ugonjwa uliojificha, kifua kikuu kwa mfano, protini zinazidi katika damu na kupunguza nguvu ya ule msukumano. Seli zinabebana moja juu ya nyingine kama sahani kabatini, zinakuwa nzito, zinazama haraka. Kipimo chenyewe hakikutajii jina la ugonjwa. Kinakuambia tu kuna jambo, tafuta. Nilitafuta, na wengi niliowapata walipona, nao mpaka leo wananiletea mkungu wa ndizi bila sababu.

Kutoka Manga nikaenda hospitali ya misheni upande wa Tabaka, chini ya Sista Mkuu, mtawa mrefu aliyetembea haraka na kusali haraka. Huko kuna machimbo ya mawe ya sabuni, yale laini ya kuchongea vinyago, na wagonjwa wengi walikuwa wachongaji, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi. Siku moja nilimwambia Sista kwamba damu iliyokuwa kwenye friji haimfai mchongaji mmoja, kwa sababu nilipoichanganya na damu yake seli zilishikana. Akaniambia, "Tia tone la maji ya chumvi, uangalie tena." Nikatia. Zile seli zikaachana zote, kila moja ikashika njia yake. Zilikuwa zimepangana tu kama zile sahani nilizowaambia, hazikuwa zimegandana kwa damu mbili kukataana. Mchongaji akapewa damu, na wiki iliyofuata akaniletea kiboko wa jiwe mwenye miguu mitatu, akasema wa nne umevunjika njiani. Niliringa na kiboko yule kwa miaka.

Nikarudi Kisii nikiwa najiona fundi. Mkuu wa Maabara alikuwa yule yule, sasa ana mvi. Yeye alikuwa Msabato na mimi ni Mkatoliki, kwa hiyo tuligawana wikendi bila ugomvi: Jumamosi yangu, Jumapili yake. Na ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, alipoletwa mama nitakayemwita Kerubo. Hilo si jina lake, ila yeye mwenyewe amenipa ruhusa nisimulie.

Kerubo alitoka kijiji kimoja cha Manga. Ilikuwa mimba yake ya nne, imebaki wiki chache ajifungue, na alikuwa anavuja damu kwa sababu kondo la nyuma lilikuwa limekaa kwenye mlango wa kizazi. Alihitaji kupasuliwa, na kabla ya kupasuliwa alihitaji damu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa hai, msichana. Wa pili na wa tatu walizaliwa wakawa wa manjano, wakafa kabla wiki haijaisha. Hayo niliyasoma kwenye kadi yake ya kliniki, na nikayarudia kuyasoma.

Nikapima kundi lake. Alikuwa B hasi. Hiyo hasi maana yake ni kwamba seli zake hazina ile alama tunayoiita rhesus, ambayo watu wengi sana wa huku kwetu wanayo. Kwenye friji nilikuwa na mifuko mitatu ya damu ya kundi B, yote chanya, na hakuna hasi ya kundi lolote.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mwanamke wa hasi akizaa mtoto wa chanya, mwili wake unaweza kuiona ile alama ya mtoto ukaichukia, ukatengeneza kingamwili, yaani askari wadogo wa kuivamia. Askari hao wakimfikia mtoto anayefuata wanapasua seli zake, na hiyo ndiyo manjano. Ukimwekea mwanamke huyo damu chanya, wataivamia hiyo pia, ndani ya mishipa yake, na kwa hali aliyokuwa nayo Kerubo hilo lingemmaliza.

Nikafanya kipimo cha kwanza, cha haraka: tone la seramu yake, yaani maji ya damu yanayobaki seli zikiondolewa, tone la seli za mfuko, ndani ya maji ya chumvi. Nikazungusha, nikatazama. Kumetulia kabisa, hakuna seli iliyoshikana na nyingine.

Daktari wa zamu alikuwa amesimama mlangoni na glavu mikononi. Alikuwa kijana hodari, sitaki mseme nilimsema vibaya, lakini mama alikuwa anamfia.

"Madam, inalingana?"

"Kwenye maji ya chumvi inalingana, daktari, lakini..."

"Lakini nini? Nipe damu!"

"Amezika watoto wawili wa manjano. Lazima ana kingamwili. Maji ya chumvi hayawezi kuzionyesha."

Na hapo ndipo maneno ya Mkuu kuhusu umbali yaliponiingia kichwani sawasawa, baada ya miaka yote ile. Hawa askari wa rhesus ni wafupi wa mikono. Katika maji ya chumvi seli zinasukumana, zinabaki mbali, na askari mmoja hawezi kushika seli mbili kwa pamoja. Anaishika moja, ananing'inia hapo, kimya. Wewe ukitazama unaona amani. Ili umwone inabidi uoshe seli mara tatu, uondoe kila askari anayeelea ovyo, halafu utie dawa tunayoiita AHG, ambayo inawaunganisha wale walionata juu ya seli, mmoja na mwenzake. Hapo ndipo seli zinapovutana zikashikana na ukweli unaonekana.

"Nipe nusu saa," nikamwambia.

"Nusu saa hana."

"Basi muwekee dripu, muombee, lakini mifuko hii sitoi."

Alinitazama kama anayetaka kunizaba kofi. Akageuka akaenda mbio.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, nikatumia ile mashine ya kuzungushia mirija kwa mkono, iliyokazwa kwenye ukingo wa meza kama ya kusagia nyama. Chupa ya maji ya chumvi ilikuwa imebaki na maji ya chini tu. Nikaosha mara moja. Nikaanza mara ya pili, maji yakaisha. Nikajiambia yatosha, wewe Bosibori una uzoefu, yatosha. Nikatia AHG, nikazungusha, nikatazama.

Kumetulia. Hakuna kilichoshikana.

Jamani, nilifurahi! Nilichukua kalamu, nikaandika jina la Kerubo kwenye fomu ya kutolea damu, nikaandika namba ya mfuko, nikafika mahali pa sahihi.

Kulikuwa na hatua moja ya mwisho ambayo Mkuu alitulazimisha tuifanye hata kama nyumba inaungua. Mrija ukitoka safi, unatia humo seli za ushahidi, seli zilizokwisha kupakwa askari makusudi. Hizo ni lazima zishikane. Zisiposhikana, maana yake dawa yako imekufa, na jibu lako halina thamani. Wengi walikuwa wanairuka hatua hiyo wakiwa na haraka, na mimi, nisiwadanganye, niliwahi kuiruka mara moja au mbili nikiwa Tabaka. Siku hiyo nilitia seli za ushahidi nikiwa bado nimeshika kalamu kwa mkono mwingine.

Hazikushikana.

Nikazungusha tena. Wapi! Nikajua nilichofanya. Sikuwa nimeosha vya kutosha. Wale askari wanaoelea walikuwa wameila dawa yote kabla haijafika kwenye seli. Nilikuwa nimebakisha sahihi tu nimuue mtu kwa uvivu wa kuosha, mimi mwenye kiboko wa Tabaka. Nilipiga meza kwa kiganja, nikajitukana kwa Ekegusii, matusi ambayo sitayaandika.

Nikaichana fomu. Nikakimbia kwenye korido nikamwambia daktari mbele ya wauguzi, "Nimekosea. Sijaosha sawasawa. Narudia."

"Unarudia?" akapiga kelele. "Madam, unataka aje kufia kwenye mizani yako?"

Nilirudi nikapima chumvi ya maji mapya, nikangoja sindano ya mizani itulie. Nikaosha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bega likiwaka moto kwa kuzungusha ile mashine. Nikatia dawa. Safari hii sikuhitaji hata hadubini. Seli zilikuwa zimeshikana kama mchanga mwekundu, mrija baada ya mrija, mifuko yote mitatu.

Nikampelekea daktari mirija yenyewe mkononi. Akaitazama muda mrefu. Hasira ikamtoka usoni.

"Ingemuua," akasema.

"Ingemuua."

"Sasa?"

"Sasa tutafute hasi."

Wale waliomleta walikuwa nje kwenye nyasi: mume, ndugu wawili wa mume, mama mkwe, na majirani kadhaa. Ndugu wa damu wa Kerubo mwenyewe walikuwa mbali, Borabu, na hata tungewatumia ujumbe wangefika kesho yake. Nikawapima wote waliokuwepo, vidole vikatobolewa mmoja baada ya mwingine. Chanya. Chanya. Mume chanya. Mama mkwe chanya. Nilipomaliza, mama mkwe akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na yule pale?"

Kule getini, mbali na wengine, alikuwa amesimama mwanamume wa miaka hamsini na kitu, amevaa koti la kanisani na kofia mkononi, ametupa mgongo. Alikuwa baba wa mume.

Wasomaji wa mbali niwaeleze kidogo. Kwetu Gusii kuna chinsoni, adabu ya kuoneana haya baina ya mzazi na mtoto mkubwa, na kubwa kuliko zote ni ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Hapeani naye mkono. Haingii jikoni kwake. Wakikutana njiani mmoja anasimama kando. Hawachukiani hata kidogo, na huenda wakapendana sana, ila kila mmoja anamlindia mwenzake nafasi yake. Na huyu mkamwana alikuwa anajifungua, jambo ambalo baba mkwe hata kulisikia hapaswi.

Nikamwendea.

"Mzee, wewe bado sijakupima."

"Mimi ni mkwe wake, daktari," akasema, bila kunitazama.

"Najua."

"Kama unajua, basi niache."

"Baba mkwe wangu mimi hajawahi kuona chungu changu, mzee. Hayo nayajua. Lakini nimewapima wote na umebaki wewe."

"Hata mkono sijawahi kumpa." Akaigeuza kofia mikononi. "Hata mkono! Sasa nimpe damu iingie ndani yake? Watu watasemaje? Yeye mwenyewe akijua, ataishije kwenye boma langu? Hataweza hata kunyanyua macho."

Nilikasirika, na niseme kweli, nilikasirika kwa sababu nilimwelewa. "Mzee, mimi leo sina adabu. Adabu nimeiacha nyumbani. Kerubo anakufa pale ndani, na mimi nina nafasi ya kumwokoa kama ukinipa kidole."

Mama mkwe alikuwa amenifuata. Akamwambia mumewe kwa Ekegusii, polepole, kwamba watu wa kwao Kerubo, kule Borabu, watakuja kuuliza, na wao wawili itabidi wawaambie walimzika kwa sababu ya haya. Mzee akafumba macho. Akanyoosha mkono, uso wake ukiwa umegeukia barabarani.

B hasi.

Nikampima tena, sikuamini. B hasi. Nikapima magonjwa, safi. Nikaosha seli zake mara tatu, nikatia dawa: kumetulia. Nikatia seli za ushahidi: zikashikana vizuri sana, nikazibusu kwa macho. Alipolala kutoa damu alijifunika uso kwa kofia. Kabla sijatoa sindano akaniambia kutoka chini ya ile kofia, "Asijue. Maadamu niko hai, asijue ni ya nani."

"Kwangu haitatoka, mzee."

Mfuko ule ulimfikisha Kerubo kwenye upasuaji na ukamtoa. Kesho yake dada yake alifika kutoka Borabu, naye alikuwa hasi, akatoa wa pili. Mtoto alikuwa mvulana. Nilichukua damu ya kitovu nikaipima huku roho iko juu, maana nilikuwa naogopa manjano. Alikuwa hasi. Wale askari wa mama yake hawakuwa na alama ya kumkamatia, wakampita tu.

Nilitoka mwenyewe kumtafuta mzee getini. Nikamweleza kwamba mwanawe, mume wa Kerubo, ana alama mbili, moja chanya kutoka kwa mama yake, na nyingine hasi, iliyofichika, kutoka kwa baba yake. Mtoto amerithi ile iliyofichika. Ndiyo maana amesalimika.

Alifikiri. "Kwa hiyo mtoto ameokolewa na damu yangu, hata kabla hujaja kunigombeza?"

"Kabla sijakugombeza, mzee."

Akacheka kidogo, akajiziba mdomo kwa kofia, akasema anaenda kukamua ng'ombe.

Jumatatu Mkuu wa Maabara alisoma daftari la zamu. Nilikuwa nimeandika yote, pamoja na kuosha kwangu vibaya.

"Hakuna aliyekuona," akasema, polepole, na nikafikiri amekasirika.

"Hakuna, sir."

"Na bado umeandika."

"Ndiyo, sir."

Akafungua droo akanipa funguo za friji ya damu. Zilikuwa kwake miaka yote ile. Nilizishika hadi alipostaafu, na nikaendelea kuzishika nilipokalia kiti chake, mpaka siku yangu ya kuondoka.

Siku hizi mnatumia vikadi vyenye jeli na mashine inayosoma yenyewe. Vizuri sana, mimi si mtu wa kulilia mashine ya kusaga nyama. Lakini ndani ya kile kikadi ni seli zile zile, na chaji ile ile, na chumvi ile ile. Mashine ikikuambia kumetulia, muulize mgonjwa amezika watoto wangapi. Na msiruke seli za ushahidi. Mkiruka nitajua, sijui vipi, lakini nitajua.

Mimi sasa ni mkulima wa chai na ndizi, na niko sawa. Nilifanya kazi yangu vizuri, nasema hivyo bila aibu. Miezi michache iliyopita nilikuwa sokoni Kebirigo nikichagua mboga, mwanamke akanishika bega. "Daktari wa damu!" Alikuwa Kerubo, amenenepa, mvi mbili tatu. Tulisimama kando tukaongea. Mvulana alikuwa anasomea ualimu. Baba mkwe alikuwa amefariki, amezikwa mwaka mmoja uliopita.

Nikapima maneno yangu. Mzee alikuwa amesema maadamu yuko hai. Nikamwambia, "Kerubo, kuna jambo kuhusu ile damu."

"Najua," akasema. "Nilijua tangu mwezi ule wa kwanza baada ya kujifungua."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna. Zamani tukikutana njiani alikuwa anasimama kando nipite. Nilipotoka hospitali, akiniona kwa mbali anaingia kabisa kwenye majani chai ya watu. Mtu mzima, na fimbo yake, anajipenyeza kwenye majani chai! Nikajiuliza nimemkosea nini. Halafu nikaelewa, daktari. Nikaelewa, nikalia."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nikimwambia asante, nitamvunja. Kwa hiyo nikawa najitahidi kumwona kabla hajaniona, ili mimi ndiye niingie kwenye majani chai, yeye apite barabarani kama mzee." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Miaka yote hiyo. Siku ya mazishi, walipokuwa tayari kumshusha, nilipita katikati ya wanaume nikaweka mkono juu ya jeneza. Watu walinishangaa. Lilikuwa ubao tu, daktari, lakini mkono niliuacha hapo mpaka wakaniambia, mama, sogea, tunataka kumzika."